Kabla ya picha, liwepo swali

Ndugu mwenyekiti, madaktari na wauguzi wenzangu, nanyi wageni wetu ambao saratani imewabishia hodi kwa mara ya pili, asanteni kwa kunialika.

Nimeomba taa zipunguzwe kwa sababu kazi yangu ni ya gizani. Mimi ni daktari wa radiolojia, yule ambaye wagonjwa wengi hawamwoni hata siku moja. Mnalala kwenye mashine, mnaambiwa mvute pumzi na kuibana, kisha mnavaa na kuondoka. Mimi nabaki na picha zenu. Baadaye mnapewa karatasi yenye maneno magumu, na karatasi hiyo inaweza kuamua kama mtapasuliwa, mtapigwa mionzi, mtaanzishiwa dawa au mtaachwa kwanza.

Nimeombwa nizungumzie jinsi picha zinavyoongoza tiba saratani inaporudi. Watu hutarajia nianze na mashine: ipi ni mpya, ipi inaona zaidi. Sitaanza huko, maana mashine zimetuzoesha vibaya. Mgonjwa anauliza, "Mbona mimi sijapigwa PET?", kana kwamba PET ni dawa, wakati ni picha tu, inayoonyesha mahali ambapo chembe za mionzi tulizokuchoma zimejikusanya mwilini. Sisi madaktari nasi hatuko nyuma. Zipo fomu za maombi zinazonifikia zikiwa na neno moja tu, "saratani". Nikiipata fomu ya namna hiyo napiga simu wodini. Saratani, sawa, nimesikia. Unataka kujua nini? Na ukishajua, utafanya nini ambacho usingekifanya bila kujua?

Swali hilo la pili huwaudhi wenzangu. Ndilo nililokuja nalo leo.

Saratani inapogunduliwa mara ya kwanza, mwili haujaguswa. Inaporudi, inarudi katika mwili uliokwisha kupasuliwa, kupigwa mionzi na kulishwa dawa. Kuna makovu, kuna viungo vilivyohama mahali pake, kuna nyama iliyovimba kwa sababu ya tiba yenyewe. Kovu na uvimbe kwenye CT, zile picha za eksirei zinazoonyesha mwili vipande vipande, huweza kufanana kama shilingi kwa ya pili. Kwa hiyo kabla hatujauliza imefika wapi, tunauliza kama ni yenyewe.

Chukueni uvimbe wa ubongo uitwao glioma. Mgonjwa anamaliza mionzi pamoja na vidonge, anarudi baada ya mwezi mmoja, na MRI, picha inayopigwa kwa sumaku, inaonyesha kwamba lile eneo linalong'aa limekua. Nyumbani ni vilio. Daktari mwenye haraka anabadilisha dawa. Kumbe wako wagonjwa ambao, wakiachwa na tiba ile ile, eneo hilo hunywea lenyewe miezi michache baadaye. Haikuwa saratani. Ilikuwa mishipa midogo ya damu iliyojeruhiwa na mionzi, ikivujisha ile dawa ya kung'arisha picha tunayoichoma mkononi. Jambo hili hutokea mara nyingi kiasi kwamba mwaka 2010 wataalamu wa kundi la RANO, wanaopanga namna ya kupima maendeleo ya uvimbe wa ubongo, waliweka kanuni: katika wiki 12 za kwanza baada ya mionzi, ukuaji ulio ndani ya eneo lililopigwa usihesabiwe kuwa ugonjwa umeendelea, isipokuwa kinyama kilichokatwa na kupimwa kithibitishe hivyo.

Tiba za kinga, yaani dawa zinazoamsha kinga ya mwili ipigane na saratani, zimeleta mtego wa aina hiyo hiyo. Askari wa mwili wakijazana ndani ya uvimbe, uvimbe huonekana umenenepa. Kanuni za iRECIST za mwaka 2017, za kupima uvimbe wa wanaopewa tiba hizo, zinataka ukuaji wa kwanza uthibitishwe kwa picha nyingine baada ya wiki 4 hadi 8, iwapo hali ya mgonjwa inaruhusu kungoja. Lakini niseme ukweli hapa, maana nimeona wagonjwa wakiishikilia habari hii kama kamba ya kuokolea: uvimbe unaoonekana kukua, mara nyingi zaidi unakua kweli. Tusimpe mtu matumaini ya hewa kwa sababu tu tumesoma jambo la kusisimua.

Hapo wengi hudhani PET itamaliza ubishi. Katika miaka ya 1920 mwanasayansi Mjerumani Otto Warburg aligundua kwamba seli za saratani hutumia sukari kwa pupa. Nusu karne baadaye, mwaka 1976, binadamu wa kwanza alichomwa sindano ya sukari iliyofungiwa florini-18, chembe inayotoa mionzi na ambayo nguvu yake hupungua kwa nusu kila baada ya dakika 110 hivi. Sukari hiyo ndiyo FDG, na hadi leo ndiyo tunayoitumia zaidi. Panapoliwa sukari nyingi, panang'aa. Tatizo ni kwamba saratani si mlaji pekee. Ubongo hula sukari. Jipu hula sukari. Kifua kikuu hung'aa kwenye PET vizuri kabisa, na tezi za limfu za kifuani zenye kifua kikuu zikisomwa kuwa saratani iliyosambaa, mtu anaweza kunyimwa upasuaji ambao ungemponya.

Nyama iliyopigwa mionzi nayo huwaka kwa wiki kadhaa. Kwa saratani za kichwa na shingo tunasubiri wiki 12, na subira hiyo ina faida iliyopimwa. Utafiti wa PET-NECK uliofanyika Uingereza na kuchapishwa mwaka 2016 ulichukua wagonjwa 564 ambao saratani ilikuwa imeingia kwenye tezi za shingo. Kundi moja lilipangiwa upasuaji wa shingo tangu mwanzo. Kundi la pili lilingoja PET-CT, yaani PET na CT kwa pamoja, ya wiki ya 12, na kupasuliwa pale tu picha ilipotia shaka. Upande wa kwanza zilifanyika operesheni 221, upande wa pili 54, na baada ya miaka 2 idadi ya waliokuwa hai ilikaribiana. Hesabuni wenyewe shingo ngapi ziliepuka kisu.

Shaka isipokwisha, tunachoma sindano na kutoa kinyama. Hapa picha inakuwa dira tu: inaonyesha pa kuchoma na mshipa gani wa kukwepa. Kwa saratani ya matiti kinyama hicho kina kazi nyingine kubwa. Ugonjwa uliorudi unaweza kuwa umebadili tabia, vipokezi vya homoni au HER2, alama za seli ambazo dawa huzilenga, vilivyokuwepo mwanzoni vikawa havipo tena, au vikajitokeza ambavyo havikuwepo. Ukipanga dawa kwa karatasi ya miaka sita iliyopita, unaweza kuwa unatibu ugonjwa ambao haupo tena.

Sasa nije kwa wanaume, maana kwenye tezi dume ndiko mambo yamebadilika mno, na ndiko ninakoulizwa zaidi. Mwanamume ameondolewa tezi dume. PSA yake, protini ya tezi dume tunayoipima kwenye damu, inapaswa kushuka karibu na sifuri ikae huko. Miaka mitatu inapita, kipimo kinasoma 0.2, kinarudiwa, kinasoma 0.25. Mtu mwenyewe ni mzima, analima, anapanda ngazi. Lakini kwa hesabu zetu ugonjwa umerudi, ila umerudi kwenye damu tu. CT haioni kitu. Picha ya mifupa haioni kitu. Kwa miaka mingi madaktari wa mionzi walifanya kilichowezekana: walipiga mahali ilipokuwa tezi, wakiamini kwamba masalia yatakuwa huko. Mara nyingine yalikuwa huko. Mara nyingine yalikuwa kwenye kitezi kidogo cha limfu sentimita nane pembeni, nje kabisa ya mionzi.

Kisha ikaja PET ya PSMA. PSMA ni protini inayojaa juu ya seli nyingi za saratani ya tezi dume. Unatengeneza molekuli ya kuinasa, unaifungia gali-68, chembe nyingine inayotoa mionzi, unachoma, unangoja kama saa moja, na vitezi vya milimita chache vinajitokeza kama taa za mashua baharini usiku. Mamlaka ya dawa ya Marekani iliidhinisha kipimo hiki Desemba 2020, baada ya utafiti wa vyuo vikuu viwili vya California. Katika utafiti huo, uliochapishwa mwaka 2019 na kuhusisha wanaume 635, picha ilipata ugonjwa kwa asilimia 38 ya wale wenye PSA chini ya 0.5. Kwa wenye PSA kati ya 1 na 2 ilikuwa asilimia 84, na kwa waliofika 5 na kuendelea, asilimia 97.

Zisikilizeni namba hizo tena, kwa sababu ndani yake kuna kishawishi. Mtu anaweza kusema: kama PSA ikipanda picha itaona vizuri zaidi, basi tungoje ipande. Hapana. Mionzi ya kuokoa, ile inayopigwa baada ya upasuaji kushindwa, hufanya kazi vizuri zaidi PSA ikiwa bado ndogo. Ukingoja nukta ionekane wazi, umeipa muda wa kuzaa nukta nyingine. Kwa hiyo mwanamume mwenye PSA ya 0.3 ambaye picha yake haikuonyesha kitu hajaambiwa kwamba hana ugonjwa. Ameambiwa kwamba ugonjwa bado ni mdogo kuliko jicho letu, na kama mionzi ilikuwa inamfaa kabla ya picha, inamfaa bado. Nimeona jambo hili likieleweka kinyume mara nyingi, hata na madaktari: picha safi, kila mtu anapongezana, tiba inaahirishwa, mwaka unapita.

Picha ikionyesha kitu, mambo hubadilika. Kitezi nyongani: eneo la mionzi linapanuliwa kukifikia. Nukta kadhaa kwenye mifupa: kupiga nyonga peke yake hakuna maana, tunafikiria dawa za homoni au mpango mwingine. Je, kuelekezwa huku kunasaidia kweli, au tunajifurahisha kwa picha nzuri? Chuo Kikuu cha Emory, mjini Atlanta, kiliuliza hivyo hasa katika utafiti wa EMPIRE-1 uliochapishwa mwaka 2021. Wanaume 165 walihitaji mionzi ya kuokoa. Baadhi walipangiwa kwa picha za kawaida, wengine kwa kuongozwa pia na PET iliyotumia molekuli nyingine, fluciclovine. Baada ya miaka 3, asilimia 63 ya kundi la kwanza walikuwa hawajaona ugonjwa ukirudi tena au kuendelea. Kundi la PET lilifika asilimia 75.5. Hizo ni namba za ugonjwa kutulia, si za watu kuishi muda mrefu zaidi, na tofauti hiyo muishike. Lakini ni mionzi ile ile, imelengwa vizuri zaidi.

Na kuna hatua nyingine ambayo mimi, niliyejifunza kazi hii enzi za filamu za kuning'iniza kwenye taa, bado inanishangaza. Molekuli ya ukoo ule ule, inayonasa PSMA vile vile, unaweza kuifungia luteti-177 badala ya gali, na mionzi ya luteti inaua seli. Yaani njia inayokuonyesha adui ndiyo inayompelekea risasi. Utafiti wa VISION wa mwaka 2021, wenye wanaume 831 ambao ugonjwa ulikuwa umeshinda dawa za homoni na kemotherapia, ulipata wastani wa kuishi miezi 15.3 kwa waliopewa luteti pamoja na huduma ya kawaida, dhidi ya miezi 11.3 kwa waliopewa huduma ya kawaida peke yake. Aliyeingizwa kwenye utafiti ni yule tu ambaye PET yake ilionyesha PSMA. Kama hakuna kinachong'aa, risasi haina pa kwenda. Miezi minne si kupona. Lakini hapa picha ndiyo iliyoamua nani anapewa dawa, kwa maana halisi kabisa.

Kinamama wenye saratani ya shingo ya kizazi wana hadithi tofauti, na ngumu zaidi kuisimulia. Ugonjwa ukirudi katikati ya nyonga baada ya mionzi, mara nyingi haiwezekani kurudia mionzi kwa dozi kamili. Linabaki tumaini moja la kupona: upasuaji wa kutoa kizazi, uke, na mara nyingi kibofu na sehemu ya chini ya utumbo, vyote kwa pamoja. Daktari Alexander Brunschwig wa New York aliuandika mwaka 1948. Mwanamke anaamka na mifuko tumboni ya kupokea mkojo na choo. Hakuna anayetaka kumfanyia mtu upasuaji huo bure.

Hapo picha inafanya kazi ambayo naiheshimu kuliko zote, kazi ya kusema usifanye. MRI inaulizwa kama uvimbe umeshika ukuta wa nyonga, kule kwenye mifupa, mishipa mikubwa na neva. PET-CT inaulizwa kama kuna chochote mbali, kwenye tezi za kando ya mshipa mkuu wa damu, mapafu au ini. Jibu likiwa ndiyo kwa lolote kati ya hayo, kwa kawaida upasuaji haufanyiki, kwa kuwa utamtesa bila kumponya. Mara nyingine mimi ndiye ninayekuwa wa kwanza kujua kwamba mlango huo umefungwa, nikiwa peke yangu chumbani saa kumi na moja jioni, na mwenye picha bado yuko kwenye benchi nje akisubiri gari. Kwa nukta yoyote ya mbali ambayo inaweza kufunga mlango huo, huwa naomba ichomwe sindano kwanza ikiwezekana. Kifua kikuu nimekwisha kuwatajia.

Kuhusu ini nitapita haraka. Saratani ya utumbo mpana ikirudi kwenye ini, baadhi ya watu hupona kwa kukatwa sehemu yenye ugonjwa. CT haiulizwi tu vinundu ni vingapi, inaulizwa pia ini litakalobaki ni kiasi gani, maana ini zuri huhitaji kubakiwa na takriban asilimia 20 hadi 30 ili mtu aishi, na lililochoshwa na kemotherapia huhitaji zaidi. Na pigeni picha nzuri kabla ya kuanza dawa! Dawa ikifanya kazi vizuri, kinundu hutoweka kwenye picha huku seli zake zimebaki, na daktari wa upasuaji anaingia tumboni bila kujua akate wapi. Hesabu za CT yenyewe, kwa njia, zilitangulia kuandikwa na Allan Cormack, mwanafizikia aliyezaliwa Johannesburg na kuanza kulifikiria jambo hili hospitalini Cape Town mwaka 1956. Alichapisha hesabu zake na karibu hakuna aliyejali. Mwaka 1979 alipewa Tuzo ya Nobel ya tiba pamoja na mhandisi Godfrey Hounsfield, na wote wawili hawakuwa madaktari.

Sasa nirudi kwa lile swali linaloudhi. Mwanamke aliyemaliza tiba ya saratani ya matiti, hana dalili yoyote, anataka kila miezi sita apigwe picha mwili mzima. Namwelewa kabisa. Lakini jambo hili lilijaribiwa nchini Italia, katika tafiti mbili zilizochapishwa mwaka 1994, zenye wanawake zaidi ya 2,500 kwa jumla. Waliofuatiliwa kwa picha za mara kwa mara hawakuishi muda mrefu zaidi ya waliopimwa na daktari kwa mikono na kupigwa mamografia, yaani eksirei ya matiti. Mtu anaweza kupinga kwamba dawa za wakati ule si za leo, na hoja hiyo naiona ina uzito. Hata hivyo, miongozo bado haipendekezi picha za mwili mzima kwa asiye na dalili. Kujua mapema ambako hakubadilishi tiba kunamwongezea mtu miezi ya kuwa mgonjwa, hakumwongezei ya kuishi.

Kwa utumbo mpana, CT za ufuatiliaji tunazipendekeza. Wapo wanaouliza kwa nini huyu apigwe na yule anyimwe. Sababu ni lile ini. Katika utafiti wa FACS wa Uingereza, uliochapishwa mwaka 2014 ukiwa na watu 1,202, waliofanyiwa upasuaji wa kuponya baada ya ugonjwa kurudi walikuwa asilimia 2.3 kwenye kundi la ufuatiliaji mdogo na asilimia 8 kwenye kundi la CT. Kuna kitu cha kufanya ukiwahi. Na bado utafiti huo haukuonyesha wazi kwamba watu waliishi zaidi, jambo ambalo sisi wa radiolojia huwa tunalitaja kwa sauti ya chini.

Nimalizie na mambo ya mfukoni. Ukija kupigwa picha, njoo na CD ya picha za zamani, si ripoti tu. Kinundu cha milimita 7 kwenye pafu peke yake hakiniambii chochote. Kikiwa kilikuwa na milimita 7 miaka minne iliyopita, nakiacha kilale. Kikiwa hakikuwepo mwezi wa tatu, tunazungumza. Mwambie anayekuhudumia ulimaliza mionzi lini, ulichomwa dawa gani mara ya mwisho na tarehe ngapi, kama una kisukari, kama uliwahi kuugua kifua kikuu. Vitu hivyo vinne vimewahi kubadilisha usomaji wangu wa picha kuliko mashine yoyote mpya. Na ukikuta kwenye ripoti neno "haijabainika", usidhani daktari amezembea. Huenda hiyo ndiyo sentensi iliyomchukua muda mrefu kuliko zote kuiandika, na swali la kumuuliza ni lini mtaangalia tena, na kwa kipimo kipi.

Naona mama wa safu ya tatu amenyoosha mkono tangu nilipotaja tezi za kifuani. Naomba taa ziwashwe, apewe kipaza sauti.